Ufundi wa Kujenga Nchi Isiyokuwapo

Mwaka 1951 wasomaji wa Kiswahili walipewa nchi inayoelea angani. Aliyeijenga ni Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga aliyepata kuwa karani wa forodha, katika kitabu chake Kusadikika. Shuleni, kuanzia Tanga hadi Rongai nchini Kenya, kitabu hiki husomwa kama fumbo la utawala wa kikoloni. Ni sawa, ila kina ukoo mwingine usiotajwa sana: bunilizi za kisayansi.

Ukoo huo una watu wengi waliosahaulika. Mwaka 1905 Begum Rokeya wa Bengal aliandika Ndoto ya Sultana, ambamo wanawake wanaoongoza nchi wanavuna joto la jua na kusafiri kwa magari ya angani. Yevgeny Zamyatin wa Urusi, katika riwaya yake, alibuni dola ambayo raia wake wana namba badala ya majina na wanaishi katika nyumba za vioo. Serikali ya Kisovieti iliipiga marufuku riwaya hiyo, ikachapwa kwanza New York mwaka 1924. Mwaka huohuo Mrusi mwenzake, Yakov Protazanov, alitoa filamu ya Aelita. Ndani yake, huko Mirihi, vibarua wasio na kazi hugandishwa na kuwekwa ghalani.

Wote hao wana mbinu moja: uongo mmoja mkubwa, kisha mambo yote mengine yaende kama kawaida. Shaaban Robert hajisumbui kueleza nchi inaeleaje. Msomaji akishakubali, anakuta mfalme, waziri, baraza na gereza. Mhusika mkuu, Karama, anashtakiwa kwa kuanzisha elimu ya sheria. Badala ya kuomba radhi, anasimulia habari za wajumbe waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na mawazo ya kuifaa nchi, na malipo yake yakawa kifungo. Safari ni za ajabu. Kinachotisha ni baraza, kwa sababu kila msomaji analijua.

Mwandishi wa Kenya Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, aliishika kamba hiyohiyo katika Walenisi (1995): Dzombo anahukumiwa kurushwa angani ndani ya chombo, akafikia sayari yenye haki. Naye Wanuri Kahiu, katika filamu fupi ya Pumzi (2009), aliwaonyesha watu wa Afrika Mashariki wakisafisha jasho na mkojo wao ili wapate maji ya kunywa.

Mkulima wa mahindi wa Rongai anayesubiri mvua hahitaji kufafanuliwa filamu hiyo. Na mashariki mwake, kwenye volkano ya Menengai, mvuke wa ardhini sasa unazalisha umeme; Rokeya, aliyewaza kuvuna joto la jua, asingeshangaa.

Walimu wa Kiswahili, basi, waitoe Kusadikika kwenye rafu ya fumbo la ukoloni peke yake. Waisomeshe pamoja na Walenisi, wawaonyeshe wanafunzi Pumzi, kisha wawape karatasi tupu wajenge nchi zao.