Tuta la Reli, Mikorosho na Miguu Inayojua Njia

Mkimbiaji anayeijua vizuri wilaya yake hang'ang'anii barabara kuu. Anaikata, anaingia katikati ya mikorosho, anatokea nyuma ya shule, anashuka bondeni, kisha anarudi alikoanzia kwa njia nyingine kabisa. Mzunguko wa namna hiyo hauokotwi. Hutengenezwa, na kuutengeneza ni ufundi unaostahili heshima ileile anayopewa mchongaji wa Kimakonde. Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ni nchi iliyojaliwa kila kitu ambacho ufundi huo unakihitaji.

Chukua reli. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake vitatu pamoja na Kongwa na Urambo. Matingatinga yalifyeka pori, na reli ikajengwa kutoka pwani kuja bara. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Reli ilidumu zaidi kidogo. Ilifungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa.

Vyuma viliondoka, lakini hesabu ya mhandisi ilibaki ardhini. Treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo njia yake huchongwa ipande polepole, kwa kawaida mita moja au mbili tu kwa kila mita 100. Palipo na kilima hukatwa. Palipo na bonde hujazwa tuta. Popote tuta la zamani linapopitika, mkimbiaji amepewa zawadi: anapanda bila kukata pumzi, anashuka bila kuumiza magoti. Kwa anayeanza mazoezi, au mzee mwenye kisukari aliyeshauriwa na daktari atembee kila siku, hakuna ardhi bora zaidi ya hiyo. Fundi wa mzunguko hutafuta kwanza kipande kama hicho, akakifanya uti wa mgongo wa njia yake.

Ruangwa ni habari nyingine. Huko kuna vilima, na chini ya vilima kuna madini ya kinywe, yale yanayochimbwa Matambarale. Njia ya vilimani hudai hatua fupi, mwili uinamie mbele kidogo, macho yatazame mita chache mbele ya vidole. Anayetaka kujenga mapaja na mapafu ataikuta kazi yake huko. Anayetaka kwenda mbali bila kuchoka atabaki kwenye tambarare za Nachingwea.

Ukimtazama fundi kwa karibu, utaona anakimbia kwa masikio pia. Udongo mwekundu uliokauka hulia kavu chini ya soli, naye anajua hapo anaweza kuongeza mwendo. Mchanga humeza sauti na kuiba nguvu za kisigino, basi anahamia ukingoni, penye nyasi fupi na mizizi inayoshika ardhi. Akifika kwenye udongo mweusi wa bondeni, anajiuliza ni mwezi gani. Kusini huku mvua ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, na njia iliyokuwa ngumu kama saruji mwezi Septemba inaweza kumvua mtu viatu mwezi Februari. Ndiyo maana mzunguko uliokamilika huwa na matoleo mawili, la kiangazi na la masika.

Mikorosho nayo ina kalenda yake. Kivuli chake ni kizito, na matawi yake huinama karibu na ardhi, hivyo njia nzuri hupita kati ya mistari, haipiti chini ya mti. Kuanzia Juni, maua yanapochanua, wakulima hupulizia salfa ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, upepo ukiwa umetulia, yaani saa ileile anayoipenda mkimbiaji. Mwenye busara huliacha shamba hilo kwa wiki hizo. Vumbi la salfa huwasha macho na kukaba kifua. Oktoba ikifika, mabibo yaliyodondoka huteleza vibaya, na korosho iliyolala chini ni mali ya mtu. Haiokotwi.

Hapo ndipo adabu inapokuwa sehemu ya ufundi. Njia za mguu hupita mbele ya nyumba za watu, na mbio hazimwondolei kijana wajibu wa kuamkia. Hupunguza mwendo, husema "Shikamoo babu," hungoja "Marahaba," kisha huendelea. Sekunde hizo chache hulipa. Babu huyohuyo ndiye atakayemwambia kwamba daraja la miti limebebwa na maji, au kwamba tembo wameonekana upande ule. Tembo kuingia mashambani ni tatizo la kweli katika wilaya hizi, na hakuna programu ya simu inayowajua kuliko mwenyekiti wa kitongoji.

Mwendo wa miguu na mazoezi ya pamoja vina historia ndefu kusini. Misafara ya Wayao ilitembea kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi Kilwa ikibeba pembe za ndovu, na katika zama za giza ikiwaswaga watumwa. Mwaka 1967 wanawake 25 wa Msumbiji, Josina Machel akiwamo, walipata mafunzo ya kijeshi katika kambi ya chama chao cha ukombozi, FRELIMO, hapahapa Nachingwea. Vizazi vya Watanzania vimelelewa kwa mchakamchaka, shuleni na katika Jeshi la Kujenga Taifa: mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na anayechoka anavutwa na sauti za wenzake. Vikundi vya jogging vinavyojaa miji yetu kila mwisho wa wiki vimerithi hilo.

Kanuni za kuunda mzunguko si nyingi. Utembee kwanza kabla ya kuukimbia. Weka mwinuko mkali mwanzoni, miguu ikiwa na nguvu, na mteremko mwishoni. Upitishe karibu na kisima. Acha walau sehemu moja ya kukatishia, ili aliyeteguka kifundo arudi nyumbani kwa njia fupi. Kisha uukimbie kinyume: mzunguko ambao ni mzuri upande mmoja tu bado haujakamilika.

Lakini njia isiyoandikwa popote hufa siku mwenye kiwanja anapojenga ukuta. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na mpango wa matumizi ya ardhi huidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Basi vikundi vya jogging vya Nachingwea na Ruangwa, pamoja na walimu wa michezo, vipeleke michoro ya njia zao kwenye mikutano hiyo, na halmashauri za wilaya ziyatenge mabaki ya tuta la reli yawe njia ya watembea kwa miguu kabla hayajagawanywa kuwa viwanja.