Herufi za Mashine na Haki ya Msomaji: Tahakiki ya New Alphabet ya Wim Crouwel

Wahakiki wa fasihi huchambua maneno ya kitabu, lakini umbo la herufi zinazoyabeba maneno hayo huachiwa mchapaji. Hata hivyo, kila umbo la herufi lina hoja ndani yake kuhusu nani anapaswa kumfuata mwenzake: mashine imfuate msomaji, au msomaji aifuate mashine. Hoja hiyo inaonekana wazi katika New Alphabet, abjadi iliyobuniwa na msanii Mholanzi Wim Crouwel (1928–2019) na kutolewa katika kijitabu mwaka 1967.

Asili ya abjadi hiyo ni tatizo la kweli. Katika miaka ya 1960 zilitokea huko Ujerumani mashine za kupanga maandishi zilizochora herufi kwa miale ya elektroni kwenye kiwambo. Mashine hizo hazikuweza kuchora mviringo ulio laini. Mviringo ulivunjika kuwa ngazi ndogondogo, na herufi za kale kama Garamond, zilizozaliwa katika zama za risasi na wino, zilitoka zikiwa na kingo zilizoparuzika. Crouwel aliona ni afadhali herufi zizaliwe upya kulingana na uwezo wa mashine, kuliko kuilazimisha mashine iige kazi ya kalamu na patasi. Kwa hiyo abjadi yake ina mistari ya wima na ya mlalo tu, pembe zilizokatwa kwa digrii 45, na upana mmoja kwa herufi zote. Herufi pana hazikupata nafasi ya kutosha: m ikawa n iliyopigiwa mstari chini, na w nayo ikapewa mstari wake chini.

Upinzani haukuchelewa. Gerard Unger, Mholanzi mwenzake, alitoa pendekezo la kumjibu, akitetea herufi zilizo karibu zaidi na mazoea ya msomaji. Crouwel mwenyewe alieleza baadaye kwamba kazi yake ilikuwa jaribio la nadharia, wala haikukusudiwa kuchapia vitabu.

Ajabu ni kwamba abjadi hiyo haikufa. Mwaka 1988, ilipotoka santuri ya Substance ya kundi la Joy Division la Uingereza, Brett Wickens na Peter Saville waliitumia kwenye jalada, lakini walibadilisha baadhi ya maumbo ili neno lisomeke kwa urahisi zaidi. Mwaka 1997 kampuni ya The Foundry ya London iliitengeneza kwa ajili ya kompyuta, na mwaka 2011 Museum of Modern Art ya New York iliiingiza katika hazina yake. Hapa pana kinaya. Kufikia mwaka 1997 kompyuta ziliweza kuchora mviringo wowote, nazo zikatumika kuhifadhi herufi zilizobuniwa kwa ajili ya mashine isiyoweza kuuchora. Kilichokuwa dawa ya udhaifu kimegeuka pambo linalokumbusha udhaifu huo.

Tangu hapo, herufi za namna hii hupewa kazi za vichwa vya habari, majalada na mabango, na husemwa kwamba hapo hazina madhara kwa kuwa maneno ni machache. Hoja hiyo yafaa kupimwa kwa Kiswahili, ambamo m na w ni nguzo za sarufi: mtu na watu hutofautishwa kwa viambishi m- na wa-. Isitoshe, msomaji wa Kongo amezoea alama za Kifaransa juu ya irabu na chini ya c, lakini Kiswahili sanifu hakina alama yoyote ya namna hiyo. Akiona mstari chini ya herufi ataudhani kuwa ni pambo au mkazo. Mstari huo ukipuuzwa, mchi wa kutwangia huwa nchi, na wito wa "mje" huwa "nje", yaani walioalikwa wanafukuzwa.

Ndani ya aya ndefu, muktadha ungeliokoa neno. Kichwa cha maneno mawili hakina muktadha huo. Basi mahali panaposemekana kuwa salama kwa herufi hizi ndipo msomaji anapokosa msaada. Jalada la Substance lilifaulu kwa sababu wasanii wake walikubali kuisahihisha abjadi kwa faida ya msomaji, na kwa sababu wanunuzi wengi walikwisha kulijua kundi hilo kabla ya kusoma jalada.

Kutokana na hayo, thamani ya New Alphabet haipungui, bali inapata mahali pake. Ni hoja iliyochorwa, tena hoja ya uaminifu, kwa kuwa ilionyesha gharama ambayo msomaji angelipa iwapo mashine ingepewa usukani. Anayeitumia leo katika jalada la kitabu au la jarida la Kiswahili hana udhuru wa mashine dhaifu. Ni juu yake kuanza na lugha: aandike maneno yenye m na w, ampe mtu asiyeyajua ayasome, na pale msomaji anapokwama, arekebishe herufi.