Mcheza Kwao: Rumba, Chachacha na Maana ya Nyumbani

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hutajwa mara nyingi kwa maana moja tu, kwamba mtu atendaye jambo mbele ya watu wake hakosi sifa wala zawadi. Lakini ndani yake limo neno moja ambalo halijaelezwa, nalo ni hilo "kwao." Kwao mchezaji ni wapi? Je, ni pale alipozaliwa yeye, au pale ilipozaliwa ngoma aichezayo? Kijana wa Isongole anayejifunza chachacha pamoja na wenzake, je, anacheza kwao au anacheza kwa watu? Jibu la swali hili ndilo limeamua, kwa muda wa miaka zaidi ya sitini, ni michezo gani iitwe utamaduni wa taifa na ni ipi iitwe uigaji.

Swali hilo halikuanzia vijijini. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Rais Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo aliwakumbusha wasomi wa nchi kwamba shuleni walifundishwa nyimbo za Wazungu, si za Wanyamwezi wala za Wahehe. Kisha akataja michezo ambayo wengi wao walikuwa wamekwisha kujifunza, yaani rumba, chachacha, rock and roll, twist, waltz na foxtrot, akauliza ni wangapi miongoni mwao waliojua kucheza, au hata waliopata kusikia, gombe sugu, mangala, nyang'umumi, kiduo na lelemama.

Hotuba hiyo yafaa isomwe kwa makini kama isomwavyo kazi yoyote ya fasihi, kwa kuwa imepangwa kwa ustadi. Imesimama juu ya orodha mbili zinazotazamana, moja ya aibu na moja ya fahari, na msikilizaji anaachwa katikati ajihukumu mwenyewe. Nguvu yake ni ya kweli. Shule ya kikoloni ilimfundisha mtoto kwamba miguu ya babu yake haina elimu, na mtu aliyefundishwa hivyo hupoteza zaidi ya ngoma. Hupoteza imani kwamba kwao pana kitu cha kufundisha. Hapana mhakiki wa haki atakayekana hayo. Lakini ukweli wa shabaha hauondoi kasoro za mshale, na orodha hizo mbili, kila moja kwa upande wake, zina kasoro.

Orodha ya kwanza imechanganya watu wasio wa ukoo mmoja. Waltz na foxtrot zilitoka katika kumbi za Ulaya na Marekani. Rumba na chachacha zilitoka Kuba, kisiwa ambacho watumwa kutoka Kongo na sehemu nyingine za Afrika waliufungamanisha mdundo wao na gitaa na utenzi wa Kihispania. Mwaka 1930 bendi ya Don Azpiazu ilirekodi mjini New York wimbo uitwao "El Manisero," na santuri yake ikauzwa duniani kwa jina la rumba, ingawa kwa Wakuba wenyewe muziki wa namna ile uliitwa son. Tangu mwaka 1933 santuri za Kikuba zilianza kuletwa Afrika katika mfululizo uliojulikana kwa herufi GV. Watu wa Léopoldville walizisikiliza wakatambua ndani yake kitu walichokijua. Huko Morogoro, mwaka 1948, Salum Abdallah aliunda bendi ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Cuban Marimba, naye akaimba kwa Kiswahili juu ya mapigo hayo mpaka alipofariki mwaka 1965. Kuiweka rumba ya Morogoro katika kapu moja na waltz ni kuhesabu kila kilichopita baharini kuwa cha Mzungu.

Chachacha nayo ina habari yake, na habari hiyo ina mafunzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mpiga fidla wa Havana, Enrique Jorrín, aliona kwamba wachezaji wengi walitatizwa na mapigo ya kuruka-ruka yaliyokuwa yakipendwa na wanamuziki. Basi akatunga nyimbo ambazo pigo lake ni wazi, ili umati wote upate kufuata. Na jina la mchezo, kama isimuliwavyo, lilitokana na mchakacho wa viatu vya wachezaji walipopiga hatua zao tatu za haraka. Maana yake ni kwamba mtunzi aliwasikiliza wachezaji kabla wachezaji hawajamsikiliza yeye. Huo si mchezo wa mabwana. Tena mwaka 1961, mwaka mmoja tu kabla ya hotuba, majirani wa Rungwe waliokuwa ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, katika Rhodesia ya Kaskazini, waliipa kampeni yao ya kuupinga utawala wa kikoloni jina la Cha-cha-cha. Mchezo uliotajwa Dar es Salaam kama dalili ya akili iliyotawaliwa ulikuwa umekwisha kuwa, kwa majirani, jina la ukaidi dhidi ya kutawaliwa.

Wako waliojibu hotuba kwa njia nyepesi. Husema kwamba rumba ni mtoto wa Afrika aliyepelekwa utumwani akarudi nyumbani, kwa hiyo ni yetu kwa damu. Jibu hili hupendeza masikioni, lakini halitoshi. Damu haifundishi miguu. Mtoto wa Kongo aliyelelewa mbali na uwanja hujikwaa kama mtoto wa Norway, na mtoto wa Norway aliyelelewa uwanjani hachelewi kushika pigo. Zaidi ya hayo, jibu hilo limelikubali kosa lilelile linalotaka kulisahihisha. Limekubali kwamba nyumbani kwa mchezo ni pale ulipozaliwa, likabishana tu juu ya cheti cha kuzaliwa.

Hapo ndipo kasoro ya orodha ya pili inapoonekana. Isongole ni kata ya wilaya ya Rungwe, kando ya barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, juu katika nchi ya baridi, ya mvua na ya viazi, karibu na ziwa Ngozi lililolala katika kinywa cha mlima wa volkeno. Mwanafunzi wa Isongole akiambiwa aache chachacha ajifunze lelemama, ameambiwa nini? Lelemama ni ngoma ya wanawake wa pwani, yenye vyama vyake, mavazi yake na mafumbo yake ya Kiswahili cha mjini. Kwa mtoto wa milima ya Rungwe ngoma hiyo ni ngeni. Ataipokea kutoka kwa mwalimu, hatua kwa hatua, kama atakavyopokea chachacha. Mpaka wa taifa hauwezi peke yake kuifanya ngoma ya mbali iwe ya nyumbani. Ikiwa lelemama yaweza kuwa ya mtu wa Isongole kwa kujifunza, basi ni kujifunza ndiko kunakoleta nyumbani, wala si asili. Na mlango uliofunguliwa kwa lelemama hauwezi kufungwa kwa hoja ileile mbele ya chachacha.

Basi kipimo kitafutwe penginepo, na watu wa Rungwe wenyewe wanacho. Katika miaka ya 1930 Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa, na mwaka 1951 Monica Wilson alitoa kitabu chake juu ya vijiji vya marika, ambacho jina lake ni "Good Company." Jina hilo lilikuwa jaribio la kufasiri neno moja la Kinyakyusa, ukwangala. Ukwangala ni kukaa pamoja kwa furaha, kula pamoja, kuzungumza na kusaidiana baina ya watu walio sawa. Tena ni zaidi ya starehe, kwa maana huko ndiko mtu anakojifunza adabu na hekima. Wavulana wapatao miaka kumi au kumi na mmoja walitoka katika nyumba za baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, ili rika lilelewe na rika. Mtu asiyekaa na wenzake alihesabiwa kuwa amekosa elimu.

Kipimo hiki kikitumiwa, swali la mchezo hubadilika. Haliwi tena "umetoka wapi?" bali "unajifunzwa na nani pamoja na nani?" Mchezo unaojifunzwa na mtu mmoja mbele ya kioo, ili akaonekane bora kuliko jirani zake, ni mgeni hata kama ulitungwa na babu yake. Mchezo unaojifunzwa na watu kwa pamoja, aliyetangulia akimngoja aliyechelewa, umekwisha kuingia nyumbani. Na chachacha, kwa umbo lake, inakubali sana kujifunzwa hivyo. Hatua mbili za polepole na tatu za haraka zaweza kuhesabiwa kwa sauti na watu thelathini waliopanga mistari uwanjani. Akosaye huonekana, lakini hukosa katikati ya wanaokosa. Kicheko humwangukia kila mtu kwa zamu, kwa hiyo hakimwumizi yeyote. Arusi nyingi za Tanzania zimekwisha kulithibitisha jambo hili kwa mchezo uitwao kwaito, ambao jina lake lilitoka Afrika Kusini: shangazi, mpwa, karani na dereva husimama mistari, wote wakageuka upande mmoja kwa wakati mmoja, wala hakuna aulizaye cheti cha kuzaliwa cha hatua hizo.

Lakini mhakiki hatakiwi kusifu tu. Michezo ya Kuba ina jambo moja ambalo haliingii Rungwe kwa urahisi, nalo ni mikono. Mwanamume na mwanamke hushikana. Katika mila ya Wanyakyusa iliyoandikwa na Wilson, mke wa mtu alimwepuka baba mkwe wake kabisa; hakumtazama, hakusema naye, na alipomwona njiani alijitenga. Hata kama leo mila hiyo haishikwi na wote wala kwa ukali uleule, heshima iliyomo ndani yake haijatoka mioyoni. Sasa ifikiriwe aina ya mchezo uitwao rueda de casino, ulioanza Havana katika miaka ya 1950: wachezaji husimama duara wawili wawili, kiongozi hupaza sauti, na kwa neno lake kila mwanamume humwacha mwenzi wake akampokea wa jirani. Duara likizunguka katika kijiji ambamo baba na mwana wamejiunga wote, mkaza mwana atafikishwa mikononi mwa mkwewe kwa amri ya wimbo. Hapo furaha ya mmoja itakuwa fedheha ya mwingine.

Wako watakaosema kwamba kwa sababu hiyo mchezo uachwe, na wako watakaosema kwamba mila ndiyo iachwe. Wote wawili wana haraka. Kijiji chenye ukwangala kina dawa yake ya zamani: kucheza rika kwa rika. Duara la vijana na liwe la vijana, la wazee liwe la wazee, na mistari isiyo na kushikana iwe ya wote. Mchezo uliokubali kupangwa hivyo haukupungua. Umejifunza adabu za nyumba ulimoingia, kama mgeni yeyote mwema. Na nyumba nayo haina budi kujifunza kitu. Ukwangala ulioandikwa na Wilson ulikuwa zaidi wa wanaume. Mke alifika katika kijiji cha mumewe akakuta urafiki uliokwisha kujengwa bila yeye. Mchezo wa kundi, ambao hauwezi kuchezwa mwanamke asipokuwapo, wala asipoujua sawasawa na mwanamume, unamwita katika usawa ambao mila haikumpa. Hilo ni faida, na si dogo.

Inabaki kulitazama tokeo moja la kufikiri kwa orodha. Katika miaka ya 1960 serikali iliunda kikundi cha taifa cha ngoma, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kikaanzishwa. Kazi iliyofanyika ilikuwa kubwa, na ngoma nyingi zilipata heshima zilizokuwa zimenyimwa. Lakini ngoma ikipandishwa jukwaani hukatwa ili itoshe dakika chache, huelekezwa upande mmoja waliko watazamaji, na huchezwa na wachache waliochaguliwa kwa ufundi. Godfrey Wilson alieleza jinsi katika mazishi ya Wanyakyusa wanaume walivyocheza na mikuki, mchezo ulioitwa ukukina, na jinsi ngoma hiyo ilivyowachukua watu kutoka katika majonzi na hasira mpaka katika uchangamfu wa kuendelea kuishi. Hapakuwa na mtazamaji aliyekata tiketi. Kila aliyefika alikuwa na msiba. Ngoma kama hiyo ikiletwa jukwaani huonyesha mikuki, lakini haimfariji mtu. Hivyo yakatokea mambo mawili kinyume cha matumaini ya hotuba: ngoma za fahari zikawa za kutazamwa, na michezo ya aibu ikabaki katika miguu ya watu.

Kwa hiyo hotuba ya mwaka 1962 ilisema kweli iliposikitikia kufundishwa, ikakosea ilipogeuka kuhesabu majina. Kilichopotea shuleni hakikuwa orodha ya ngoma. Ilikuwa namna ya kujifunza, ambamo mtu hupewa ujuzi na wenzake na hapo hapo akapewa wenzake. Namna hiyo yaweza kurudi kwa lelemama, kwa ngoma za Rungwe na kwa chachacha pia. Nayo yaweza kufa katika zote.

Basi methali isomwe upya. Kutunza katika Kiswahili ni kumpa mchezaji zawadi, tena ni kumlinda na kumlea. Wengi husikia maana ya kwanza peke yake, wakadhani kwao mtu ni mahali pa kupigiwa makofi. Lakini hata ugenini makofi hupigwa. Kwao mchezaji ni pale anapokosa hatua, na mkono wa jirani ukamrudisha mstarini kabla wimbo haujaisha.