Fuvu la Bremen, Mifupa ya Mlambalasi

Kaskazini-magharibi ya mji wa Iringa, kilometa zipatazo 50, kuna kilima kiitwacho Mlambalasi. Hapo, tarehe 19 Julai 1898, Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi ili asishikwe hai na Wajerumani waliokuwa wametangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Kiwiliwili kilizikwa hapohapo, kichwa kikakatwa na kuchukuliwa. Kwenye kilima hichohicho, ndani ya pango la mwamba, wanaakiolojia walikuja kufukua mifupa ya mtu aliyezikwa zaidi ya miaka 11,000 iliyopita. Mmoja tunamjua kwa jina, sura ya utawala wake na siku aliyokufa. Mwingine hana hata jina. Lakini tukiuliza ni mabaki ya nani yana ushahidi imara zaidi, jibu ni ya huyu asiye na jina. Tuone kwa nini.

Fuvu lilivyochaguliwa

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Halikukabidhiwa. Suala lilikaa mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili, gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alipolifufua. Mwaka 1953 alifika kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, ambako kulikuwa na mafuvu yapatayo 2,000. Kati ya hayo, 84 yalitoka katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Kazi ilikuwa kupata moja kati ya 84. Njia iliyotumika ni ya anthropolojia ya zamani, iliyopenda kupima vichwa. Unachukua upana wa fuvu, unaugawa kwa urefu wake kutoka kipaji cha uso hadi kisogoni, kisha unazidisha kwa mia. Fuvu la urefu wa milimita 180 na upana wa milimita 130 linatoa 72. Twining aliyatenga mafuvu ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, na katika hayo akachukua lile lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi huko Kalenga, Iringa, kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Hebu tuipime hoja yenyewe. Kipimo cha kichwa kinaweza kukataa: fuvu lenye 85 katika ukoo wenye 72 linatia shaka mara moja. Kuthibitisha hakiwezi, kwa kuwa 72 ni ya watu maelfu kwa maelfu, ndani ya Uhehe na nje yake. Tundu la risasi nalo lina uzito wake, ila mafuvu hayo yalitoka katika nchi iliyopiganiwa miaka mingi, na Mkwawa hakuwa peke yake aliyekufa kwa bunduki. Dalili mbili dhaifu zikiunganishwa zinapunguza idadi ya wanaodhaniwa, lakini hazimtaji mtu. Kinachomtaja mtu ni kumbukumbu isiyokatika: nani alikipokea kichwa, alimkabidhi nani, na kiliandikwa kwa namba gani kwenye daftari la makumbusho. Uchaguzi wa Bremen haukusimama juu ya kumbukumbu ya namna hiyo.

Heshima ambayo Wahehe wanalipa fuvu lililoko Kalenga ni jambo lao, na maabara haina kauli hapo. Swali langu ni la njia tu.

Leo kuna vinasaba, na wengi hudhani vinamaliza kazi. Septemba 2023 wataalamu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kuwa mafuvu matatu kutoka Tanzania yamepatiwa jamaa walio hai. Mojawapo, lililotoka Kilimanjaro, lilikuwa limeandikwa neno "Akida", na hilo likawaelekeza kwa familia ya mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga. Vinasaba vilijibu swali, lakini aliyejua swali liulizwe kwa familia gani ni yule aliyeandika neno moja miaka zaidi ya mia iliyopita. Bila maandishi ungelazimika kubisha hodi nchi nzima.

Pangoni, kila ndoo ina anwani

Turudi Mlambalasi. Mwanaakiolojia Paul Msemwa alichimba shimo la majaribio mwaka 2002. Kisha timu ya Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, ilichimba mwaka 2006 na 2010. Utaratibu wa kazi hii ni wa pole mno. Sakafu ya pango inagawanywa kwa kamba kuwa miraba ya mita moja. Udongo unakwanguliwa kwa mwiko, sentimeta chache kwa wakati mmoja, unawekwa kwenye ndoo, unapitishwa kwenye chekecheke. Kinachobaki juu ya wavu, kiwe kipande cha jiwe la kwatsi, jino au shanga, kinaingia kwenye mfuko ulioandikwa mraba gani, kina gani, tarehe gani. Mfupa unaoonekana ungali ardhini hauchomolewi. Unasafishwa kwa brashi, unachorwa na kupigwa picha pale ulipo, ndipo unatolewa.

Uvumilivu huo ndio ulioleta majibu. Pango lile lilitumiwa na watu wa Zama za Mawe za Mwisho, kisha na watu wa Zama za Chuma, na kila waliokuja walivuruga kidogo tabaka la waliowatangulia. Mfupa usio na anwani ungeweza kuwa wa yeyote kati yao. Mifupa ya kaburi la kale ilihusishwa na zama zake kwa sababu ilijulikana ilikuwa pamoja na zana zipi, na kwa sababu mkaa na magamba ya konokono wakubwa wa tabaka hilo yalipimwa kwa kaboni. Mtaalamu wa mifupa Elizabeth Sawchuk alipoichunguza, aliona mtu mzima wa umri wa kati mwenye umbo dogo. Ikiwa kesho mtaalamu mwingine hakubaliani, michoro na mifuko ipo: atarudia hesabu.

Anwani nayo ina mipaka yake: inasema kitu kilikutwa wapi, si kilifikaje hapo. Isimila, kilometa 20 hivi kutoka Iringa mjini kwenye barabara ya Mbeya, ni somo zuri. Mwaka 1951 D. Maclennan, mwanafunzi kutoka Afrika Kusini, aliokota mashoka ya mawe korongoni, na mwaka 1957 na 1958 F. Clark Howell na wenzake wakachimba. Zana zilikuwa nyingi hata ikaonekana kama watu walikaa hapo na kuziacha. Swali likawa: je, waliziacha wao au zilikusanywa na maji? Hapo unatazama vitu viwili. Mawe yakilala yakielekea upande mmoja, mkondo una mkono wake. Vipande vidogo vinavyobanduka wakati wa kuchonga vikikosekana huku mashoka makubwa yamebaki, maji yamechagua. Umri nao ulipatikana kwa kupima urani ndani ya mfupa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 yalikuwa takriban miaka 260,000, huku wapimaji wenyewe wakitaja makumi ya maelfu ya miaka ya kukosea mbele na nyuma. Kutaja kiwango cha kukosea ni sehemu ya jibu.

Walio hai nao wana tabaka

Kanuni hii haiishii kwa wafu. Rungwe, mkoani Mbeya, mwanaanthropolojia Godfrey Wilson alianza kuishi na Wanyakyusa mwaka 1934. Mkewe Monica alimfuata, na wakafanya kazi hadi 1938 wakijifunza lugha, wakihudhuria mazishi na matambiko. Leonard Mwaisumo, msaidizi wao mkuu, aliwafungulia milango ambayo mgeni haoni hata ilipo. Kitabu cha Monica cha mwaka 1951, *Good Company*, kinaeleza vijiji vya marika: vijana wa rika moja wanatoka kwa wazazi, wanajenga kijiji chao na kuzeeka pamoja.

Kinachonivutia hapo ni kwamba mbali na hitimisho lake alichapisha pia maelezo ya watu aliowasikiliza na visa alivyoviona. Katika mahojiano hiyo ndiyo anwani: nani kasema, ana cheo gani, ni jambo aliloliona au alilosimuliwa. Mzee wa kijiji atakwambia mambo yalivyopaswa kuwa, na kijana atakwambia yalivyo. Ukichanganya kauli hizo mbili bila alama, umefanya kosa la mchimbaji aliyechanganya udongo wa tabaka mbili. Kwa kuwa malighafi ilikuwa wazi, mwaka 1973 Michael McKenny aliweza kuupima upya muundo wa jamii hiyo bila kuwa mgeni wa Wilson wala mtumwa wake.

Kwa hiyo msomaji, ukisikia "wataalamu wamegundua", usianze na umri wala ukubwa wa kilichogunduliwa. Uliza kilikutwa wapi, kando ya nini, na nani aliandika siku ileile. Na kama wewe ni mkulima au fundi wa Nyanda za Juu Kusini, ukichimba msingi au shimo la choo ukakuta jiwe lililochongwa, vigae vya vyungu au mfupa usioelewa, usikioshe wala usikipeleke nyumbani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivyo na inataka kibali kwa anayetaka kuvichimba. Simamisha kazi, kiache kilipo, mwite mtendaji wa kijiji au afisa utamaduni wa wilaya. Kikishatolewa bila kuandikwa kilikuwa wapi, hakuna maabara itakayoirudisha anwani yake.