Tashbihi na Sababu ya Mfanano

Tashbihi huelezwa mara nyingi kuwa ni ulinganishi ufanywao kwa neno "kama". Maelezo hayo hayatoshi. Mwanafunzi atafutaye "kama" pekee ataihesabu hata ile ya sharti, na ataipita "enga" ya Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Msemaji wa Lubumbashi, ambaye hulinganisha kwa "sawa", ajua tayari kwamba kiungo hubadilika.

Katika utenzi huo dunia yafananishwa na vumbi lionekanalo katika mwali wa jua: anayelishika hapati kitu mkononi. Sababu ya mfanano si udogo wa vumbi, bali ni kutoshikika kwake. Baadaye mshairi aeleza majumba ya matajiri wa Pate, ambamo taa ziliufanya usiku ufanane na mchana. Tashbihi hii ya pili yaonekana kuwa sifa. Lakini aliyeielewa ile ya kwanza ameshaonywa juu ya kila king'aacho. Mbele zaidi, majumba hayo ni magofu.

Basi swali la darasani lisiwe "tashbihi iko wapi?", bali "mfanano huu wafanya kazi gani katika utenzi mzima?"