Mkusanya Kodi wa Pendlebury

Vijana wa rika langu tuna hadithi moja ya wasanii tunayoipenda kupita kiasi: hadithi ya mtu aliyeacha kazi. Ijumaa kapeleka barua ya kujiuzulu, Jumatatu kaamka msanii. Laurence Stephen Lowry anaivuruga hadithi hiyo. Mwaka 1910, akiwa na miaka 22, aliajiriwa na kampuni ya Pall Mall Property ya Manchester, Uingereza, iliyosimamia nyumba za kupangisha. Alistaafu mwaka 1952, alipotimiza miaka 65, akiwa mtunza fedha mkuu. Hapo katikati alizunguka kwa miguu katika mitaa ya wafanyakazi, daftari mkononi, akigonga milango na kupokea kodi za nyumba. Wakati huohuo akawa mmoja wa wachoraji wanaofahamika zaidi Uingereza.

Kazi hiyo aliificha. Hakupenda watu wajue, kwa sababu aliogopa kuitwa mchoraji wa siku za mapumziko, mtu anayejifurahisha kwa rangi baada ya kazi. Wengi walikuja kujua ukubwa wa maisha yake ya ofisini baada ya kifo chake mwaka 1976. Nadhani siri hiyo ilitunyima njia nzuri ya kuzisoma picha zake za mwanzo. Tumezoea kusema alichora licha ya kazi yake. Mimi naona alichora kwa macho aliyopewa na kazi hiyo.

Tuanzie nyumbani. Lowry alizaliwa Stretford mwaka 1887, mtoto wa pekee wa karani na mwanamke mpiga piano aliyekuwa na ndoto kubwa. Waliishi kwa muda Victoria Park, kitongoji cha wenye nafasi. Mwaka 1909 fedha zilipopungua walihamia Pendlebury, karibu na Salford, katikati ya viwanda vya pamba na dohani zake. Mama hakuukubali kamwe mtaa ule. Lowry mwenyewe alikiri kwamba mwanzoni aliuchukia. Inafaa tukumbuke hilo, maana leo jina lake limekuwa kama nembo ya mitaa hiyo, mtu akadhani aliipenda tangu siku ya kwanza.

Wengi humdhania pia kuwa fundi wa kujifunzia nyumbani, kwa sababu watu wake wamechorwa kama njiti za kiberiti. Si kweli. Alianza masomo ya jioni katika chuo cha sanaa cha Manchester mwaka 1905, akafundishwa na Adolphe Valette, Mfaransa aliyeichora Manchester ikiwa imefunikwa na ukungu na moshi. Kuanzia mwaka 1915 akahudhuria chuo cha Salford. Jumla ni karibu miaka 20 ya kukaa darasani baada ya saa za kazi, akichora sanamu za plasta na miili ya watu. Michoro yake ya penseli ya kipindi hicho inaonesha mkono uliojua vizuri mahali msuli unapoanzia. Zile njiti aliziamua mwenyewe.

Uamuzi huo una hadithi aliyopenda kuisimulia. Mwaka 1916 alikosa treni katika stesheni ya Pendlebury. Alipokuwa akipanda ngazi kutoka stesheni, aliona kiwanda cha kusokota pamba cha Acme, taa zikiwaka madirishani, na umati wa wafanyakazi ukimwagika barabarani. Alisema hapo ndipo alipoona kitu ambacho hakuna mtu aliyekichukulia kwa uzito. Siijengi hoja yangu yote juu ya treni moja, kwani wasanii hupenda kuyapa maisha yao mwanzo mzuri. Ila ngazi zile nazikumbuka. Picha zake nyingi zinatazama kutoka mahali palipoinuka kidogo, mbali kidogo, kama vile mtazamaji kasimama njiani kwenda kwenye shughuli nyingine.

Jambo la pili ni rangi nyeupe. Picha zake za mwanzo zilikuwa na giza. Bernard Taylor, aliyekuwa mwalimu wake Salford na mhakiki wa gazeti la Manchester Guardian, alimwambia watu wake wanapotea kwenye giza hilo, na kwamba awaweke juu ya mandhari nyepesi. Lowry alikasirika, kisha akatii. Akabaki na rangi tano tu: nyeusi, nyekundu, buluu, manjano ya udongo na nyeupe. Itazame Coming from the Mill ya mwaka 1930. Ardhi ni nyeupe kama karatasi, na watu wameinama wakienda zao, bila vivuli. Wahakiki huuona weupe huo kama ukungu au upweke. Mimi huona ukurasa wa daftari la kodi. Kila mtu ni alama ndogo nyeusi iliyoandikwa mahali pake. Nani yupo, nani kachelewa, nani kahama.

Lakini daftari hili linajua zaidi ya hesabu. Picha ya An Accident ya mwaka 1926, ambayo jumba la sanaa la Manchester liliinunua mwaka 1930, inaonesha umati umekusanyika. Tukio lenyewe halionekani, tunaona migongo tu. The Removal ya mwaka 1928 inaonesha kaya ikitolewa nyumbani na vyombo vyake viko nje. The Fever Van ya mwaka 1935 ina gari la wagonjwa limesimama mtaani, na majirani wanatazama mlango wa nyumba moja. Haya ni mambo anayoyaona mtu anayepita mtaa uleule kila wiki. Mgeni angechora kiwanda tu. Mkusanya kodi anajua ni mlango upi.

Hapa ndipo picha hizi zinaponigusa. Nilipokuwa nikijiandaa na shahada ya uzamili, nilifanya kibarua cha kujaza madodoso ya utafiti nyumba kwa nyumba. Nilikaribishwa vitini, nikapewa maji, nikauliza kaya ina watu wangapi na wanakula mara ngapi kwa siku. Kisha nikaenda. Jioni niliandika katika daftari langu mambo ambayo dodoso halikuwa na nafasi yake: sauti ya mama mmoja, jinsi mzee mmoja alivyocheka kabla ya kujibu kuhusu kipato. Maandishi hayo ndiyo yaliyonifanya nijione mwandishi. Bado sijui kama nilikuwa na haki nayo. Walinifungulia mlango kwa ajili ya kazi nyingine.

Lowry naye aliingia kwa ajili ya kazi nyingine. Wapo wanaomlaumu kwa umbali wake, wakisema amewageuza wafanyakazi kuwa wadudu. Mwaka 1966 John Berger alimtetea kwa kuziunganisha picha hizo na historia, akizisoma kama kumbukumbu ya kuporomoka kwa uchumi wa viwanda wa Uingereza. Utetezi huo una nguvu, ila unamruka mtu mwenye daftari. Lowry hakuwa shahidi aliyesimama pembeni. Katika The Removal, mchoraji ni mwajiriwa wa kampuni inayoishi kwa kodi za nyumba. Umbali ule siuoni kama dharau. Nauona kama ukweli wa mahali aliposimama. Kama angewachora kwa ukaribu wa ndugu, hapo ndipo angetudanganya.

Miaka ya 1930 ilimletea ukaribu asioutaka. Baba yake alifariki mwaka 1932 na kuacha madeni. Mama yake akawa wa kitandani, na Lowry akamuuguza kwa miaka saba. Mchana alikuwa kazini, jioni alikuwa kando ya kitanda, na kuanzia saa nne usiku, mama akishalala, alichora hadi saa nane. Mwaka 1938 alichora Head of a Man, uso mmoja unaotutazama kwa macho mekundu. Baada ya umati wote ule bila nyuso, hapa mlango umefunguliwa kutoka ndani.

Mwaka huohuo, A. J. McNeill Reid wa jumba la sanaa la Lefevre aliziona picha zake kwa bahati katika duka la kutengeneza fremu jijini London. Maonesho yake ya kwanza London yalifanyika mapema mwaka 1939, Lowry akiwa na miaka 51, na Tate ikanunua Dwellings, Ordsall Lane, Salford. Oktoba mwaka huohuo mama yake alifariki. Mtu aliyetaka kumwonesha mafanikio hayo kuliko wote hakuwapo tena.

Aliendelea kwenda kazini miaka 13 zaidi.