Nani Aliizaa Drili?

Historia za viwanda hupenda kuanza kama hekaya: wanaume wawili, mtaji mdogo, wazo kubwa. Ile ya Black & Decker, kampuni ya Marekani ninayoichunguza kwa tasnifu yangu ya uzamili, ina vyote vitatu. Mwaka 1910, mjini Baltimore, S. Duncan Black aliuza gari lake kwa dola 600, Alonzo Decker akachanga kiasi hichohicho, wakafungua karakana. Kisha inaingia bastola. Inasimuliwa kwamba waliitazama Colt, wakaona drili ya umeme nayo inaweza kuwa na mpini kama ule na kuwashwa kwa kidole.

Hadithi ni tamu, na ndiyo maana inarudiwa. Tatizo langu nayo ni kwamba inamwachia msomaji picha ya kitu kilichozaliwa siku moja. Arthur James Arnot na William Blanch Brain walipata hataza ya drili ya umeme Melbourne mwaka 1889. Mwaka 1895 kampuni ya Fein, Stuttgart, ilitengeneza drili ya umeme ya kushikwa mkononi. Black na Decker walikuta njia imeshafyekwa.

Hataza yao wenyewe, waliyoiomba mwaka 1914 na kupewa 1917, ina adabu kuliko hekaya. Sheria inamlazimu mwombaji adai kile tu alichokiongeza. Kwa hiyo humo unakuta mota, mpini, swichi na jinsi vilivyopangwa. Nawashauri wanaosoma historia ya zana waanze na maandishi ya namna hii, na kibati kilichopigiliwa kwenye zana yenyewe. Kibati chenye tarehe ya hataza kinakuambia jambo moja la hakika: zana hiyo haikutengenezwa kabla ya siku hiyo.

Lugha yetu nayo ina ushahidi wake. Keekee ya seremala wa pwani, chombo cha kutobolea mbao, ilizungushwa kwa uta. Jina ni lilelile la silaha. Fundi aliyeitumia hakuhitaji Colt ili aone kwamba umbo la silaha linaweza kufanya kazi ya ufundi, na hakuna aliyemwandika kuwa mgunduzi.

Swali la nani anaandikwa linanisumbua zaidi ninapofika kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Inasimuliwa kwamba wafanyakazi wa viwanda vya kivita vya Marekani, ambamo wanawake wengi walikuwa wameingia kazini, walikuwa wakienda na drili nyumbani kufanyia matengenezo yao. Kampuni ikaliona soko, na mwaka 1946 ikaanza kuuza zana za bei nafuu kwa matumizi ya nyumbani. Hapo ndipo drili ilipotoka karakana ikaingia kabatini kwa watu wa kawaida.

Tazama jinsi kisa hiki kinavyosimuliwa. Wasimulizi wengine husema drili ziliazimwa, wengine husema ziliibwa, na sifa ya kung'amua inabaki kwa kampuni. Lakini aliyegundua kwamba nyumba inahitaji drili ni yule aliyeibeba hadi kwake akatundika rafu. Wenye kampuni tunawajua kwa majina mawili mawili. Yeye anaitwa "wafanyakazi".

Msimamizi wangu anataka sura ya kwanza ianze Baltimore, 1910, kama ilivyo desturi. Nimemwandikia kuomba ianze na drili inayotoka getini jioni, ndani ya mfuko wa mtu ambaye jina lake sitalipata. Black na Decker wataingia sura ya pili. Hawatapungukiwa na kitu. Majina yao yameandikwa kwenye kila zana.